Tofi za Mama Chiriku

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Poleni na kazi huko. Mguu wako ulioteguka unaendeleaje? Sisi wazima, ila mume wangu, shemeji yako, ana mafua yasiyokwisha.

Najua hatujazoeana. Tangu niolewe na mume wa marehemu mdogo wako imetimia miezi minane, na mwanenu Chiriku, pamoja na jina lake hilo la ndege asiyenyamaza, hajanipa zaidi ya "shikamoo" na "nimeshiba". Mdogo wake, Bonge, hana neno. Yeye ukimlisha tu mmeshakuwa marafiki. Lakini juzi Chiriku alisimama mlangoni pa chumba changu cha cherehani akauliza, "Sikukuu hii tutapika tofi kama za mama?" Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri.

Dada, mimi sijawahi kupika tofi maishani. Nifundishe alivyokuwa akizipika marehemu. Nikiharibu hapa, sidhani kama mtoto huyu ataniomba kitu tena.

Mke wa shemeji yako

18 Machi

Kwako mke wa shemeji,

Marahaba. Mguu unaendelea vizuri.

Sukari vikombe vitatu, maziwa viwili, siagi kijiko kikubwa kimoja. Moto mdogo, koroga bila kuacha. Dondoshea tone kwenye maji baridi. Likiwa gumu, ipua, mimina kwenye sinia lililopakwa siagi, kata vipande. Ndivyo mama yetu alivyotufundisha.

Wasalimie watoto.

Mama yao mkubwa

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini sasa unatembea bila fimbo. Huku hatujambo, tukiacha sufuria. Jaribio la kwanza liliungua mpaka shemeji yako akalikwangua kwa patasi, huku akinisifu kwamba nyumba nzima inanukia.

La pili lilikubali. Mimi fundi wa nguo, sikati kwa kukisia: nilipima kwa rula, vipande arobaini, vyote saizi moja. Bonge alimaliza vitano kabla sijageuka. Chiriku aling'ata kimoja, akakirudisha mezani. "Siyo za mama," akasema, akaenda kujifungia chumbani. Nilibaki nimeshika rula kama mjinga.

Sikukuu imebaki wiki tatu. Naomba usinielewe vibaya: kuna kitu hukuniandikia? Kama kipo na ulikibana makusudi, sikulaumu. Ningekuwa wewe, pengine hata mimi ningekibana. Na kama hakipo, niambie, nijue moja.

Mke wa shemeji yako

15 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mafua ya shemeji yameisha? Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaisukumia chini ya kitambaa cha meza, na kwa wiki nzima nilinuna. Nilinuna kwa sababu ulisema kweli.

Nilichokupa ni cha mama yetu. Marehemu hakuwahi kukifuata. Alikuwa msusi, na siku ya kuamkia sikukuu wateja walimjazia jiko, mmoja nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama. Angeweza wapi kukaa juu ya sufuria? Aliipua mapema mno, akamimina, na kila mwaka ikabaki nzito kama asali, haigandi. Basi tunashika vijiko sote, na wateja pia, tunakula palepale kwenye sinia, naye anasema, "Mwakani itaganda." Miaka yote hiyo haikuganda hata mara moja.

Tofi yako haina kosa ila moja: imeiva.

Nilifikiri ukilijua na hili, marehemu atakuwa amekwisha kabisa, hajabaki na chake. Wivu tu. Nisamehe. Ipua mapema, na rula iache chumbani.

Dada yako

25 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Nilipofika pale "imeiva" nilicheka mpaka nikalia, shemeji yako akaja mbio akidhani nimepata habari ya msiba.

Sikukuu asubuhi tulipika wote. Bonge alishika siagi, baba yao akashika sinia, Chiriku akashika kimya chake. Mkono uliniwasha kuendelea kukoroga, maana kuacha kazi nusu sikuzoea. Nikaipua. Nikamimina. Bonge akauliza, "Mbona haigandi?" Nikaleta vijiko.

Chiriku aliliangalia sinia. Kisha akachukua kijiko, akachukua na cha pili, akanitia mkononi. "Kula haraka," akasema. "Bonge akishaanza haachi kitu."

Dada, mtoto akafunguka! Akatuhadithia yule mteja aliyekwenda nyumbani na nusu kichwa na tofi mdomoni, na kitana kilichonasa kwenye sinia. Tangu hapo hajanyamaza. Hata sasa ninavyoandika amekaa juu ya vitambaa vyangu anaongea, na mimi namwitikia tu, sikosi raha.

Sinia lilipokwisha alilamba kijiko, akaniangalia, akasema, "Mwakani itaganda."

Sikuwa nimemwambia maneno hayo, wala baba yake hakuwa amemkumbusha. Nilishusha pumzi, Dada. Karibu miezi kumi! Nikamjibu, "Itaganda wapi," akacheka.

Mwakani njoo. Chiriku ameshakuwekea kijiko.

Mdogo wako