Pale Hakutoki Habari

Luberizi, 4/9/2025

Bertrand mwanangu,

Salamu nyingi. Minye mama yako niko muzima, dada yako Chérie iko anasoma vizuri. Weye, baridi ya Liège haijakukondesha? Nimekutumia tena hesabu za wagonjwa wa kolera wa santre yetu ya afya. Ziko kidogo, juma zingine Sabine, infirmière wetu anayewatibu, anakosa hata karatasi ya kuandikia. Sasa ile mashine yako ya kutabiri kolera itajifunza nini na vitu kidogo hivi?

Mama yako, Pétronille

Liège, 20/10/2025

Mama mupenzi,

Nashukuru kusikia muko wazima. Minye nakula, usiogope. Mama, mashine imefaulu! Inajifunza hata kwa habari chache, na haifichi mawazo yake: ikisema kolera inakuja fasi fulani, inaonesha sababu, kama mvua, robine za maji kukauka, ao wagonjwa wa juma lililopita. Shirika moja la misaada limeichukua. Pale itasema, ndipo watapeleka serumu ya kutundikia wagonjwa.

Mutoto wako, Bertrand

Luberizi, 8/12/2025

Mwanangu,

Afya yako? Yetu imeharibika. Masasi ya vita yamelia barabarani, Sabine amekimbilia Burundi, santre imefungwa. Tunakunywa maji ya muto Ruzizi. Majirani wanatapika, na tangu jana Chérie pia. Ambia lile shirika lilete serumu mbio.

Mama

Liège, 9/12/2025

Mama,

Chérie iko namna gani? Umunyweshe maji ya kuchemsha yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, usichoke. Nimepigia shirika simu. Wakaniambia, "Mashine yako inasema Luberizi ni salama. Serumu imeenda kwingine." Nikaifungua nione sababu. Ilinionesha wazi: hakuna hesabu iliyotoka santre, kwa hiyo hakuna mugonjwa. Kunyamaza kwenu imekuhesabu kuwa uzima. Ninaitengeneza, lakini wanasema sasa barabara haipitiki. Nitumie hesabu, hata ya majirani tu. Unijibu, mama.

Bertrand

Luberizi, 15/12/2025

Bertrand,

Natumaini uko muzima. Nimepanda mulima kwa njia ya Mulenge mpaka nikapata rezo ya simu. Chérie tulimuzika juzi, nyuma ya nyumba. Pasta alikuwa amekimbia, jirani yetu Déogratias ndiye aliomba. Mutoto alikuwa anauliza, "Kaka amejibu?" Nikamwambia amejibu, wanakuja na serumu.

Hesabu za kijiji sina, watu wametawanyika. Usiniulize tena. Lakini yeye umuandike humo ndani ya mashine yako. Usimuache katikati ya wale wazima.

Mama yako