Nilikula Kuku wa Anti Trufena

Jumamosi, jioni. Kakamega.

Mvua ya saa tisa imekuja saa tisa. Katika mji huu sisi watumishi wa umma tunachelewa, mikutano inachelewa, hata harusi zinachelewa, lakini mvua haina mchezo huo. Imepiga mabati mpaka mwanangu Imani akaziba masikio. Sasa yamebaki manyunyu, na mimi nimekaa kando ya dirisha na moyo mzito.

Sijaandika hapa kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu nimejichukia tangu asubuhi na sina wa kumwambia. Baba Imani yuko Lodwar kikazi na simu yake inashika mtandao inapotaka yenyewe.

Habari yenyewe ni ya Anti Trufena.

Kwa msiomjua, ndiye aliyekuwa akitutunzia nyumba na mtoto tangu Imani akiwa mchanga wa kubebwa. Wiki nzima alilala kwetu, Jumamosi akaenda kwake Navakholo, na Jumatatu alfajiri akarudi kabla sijatoka kwenda ofisini. Sasa miezi miwili iliyopita, Jumatatu ya mvua, boda boda aliyopanda iliteleza kwenye barabara ya murram ikamwangukia. Mguu ukavunjika chini ya goti.

Alikuwa anakuja kwangu. Nayaandika maneno hayo hapa kwa makusudi, kwa sababu nimejiambia mara nyingi kwamba hakuumia nyumbani kwangu, kana kwamba saa ile ya alfajiri alikuwa matembezini.

Mwezi wa kwanza nililipa mshahara wote bila kunung'unika. Nilijiona mtu mwema kweli. Niliwasimulia hata wenzangu wa chama chetu cha akiba, nikapokea sifa zangu nikanyamaza kwa unyenyekevu wa uongo. Kisha ikajulikana plasta haitatoka upesi, mfupa haujaunga vizuri, na nyumba nayo inataka mtu. Nguo hazijifui. Imani hawezi kujitoa shuleni mchana. Ndipo nikampata Jentrix, mama wa watoto wawili kutoka Lumakanda, aliyewaacha wanawe na bibi yao ili aje kutafuta. Ni mchapakazi na hana makuu. Sina neno baya juu yake, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi leo.

Baba Imani alipopata mtandao akaniuliza swali moja tu.

"Tutakuwa tunalipa watu wawili kwa kazi moja? Sisi si serikali."

Wale wa chama nao wakasema nilichotaka kusikia. Mpelekee kitu kidogo cha pole, ongea naye vizuri, maisha yaendelee. Hakuna aliyetaja mshahara. Pole ni tamu kutoa. Unaitoa ukijisikia, unaamua mwenyewe inatosha wapi, na unarudi nyumbani na shukrani. Mshahara hauna utamu huo, maana mtu anapokea kilicho chake. Mimi nilichagua tamu.

Basi Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilinunua sukari, mikate na mafuta ya kupikia, nikaenda Navakholo kumwona mgonjwa. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Anti, unajua tunakupenda. Anti, hali imekuwa ngumu. Anti, ukipona tutaona. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kabisa, yenye huruma mwanzo na mwisho, na kisu katikati.

Nilimkuta ameketi nje ya nyumba, mguu umeinuliwa juu ya kigoda, anachambua mboga. Amekonda. Uso ukamng'aa aliponiona.

"Mulembe, Mama Imani," akasema, hata sijaketi. "Mtoto anakulanga kweli nikiwa siko? Usiwachange obusuma ipoe. Yeye hakulangi obusuma baridi."

Nikamwambia Imani anakula vizuri, na ugali wake ni wa moto. Kisha akaniuliza kile ambacho sikuwa nimekifanyia mazoezi.

"Na kazi unashikiliwa na nani?"

"Tunajikaza tu, Anti," nikasema.

Ni uongo mtupu. Jentrix alikuwa kwangu wakati huo huo, anaanika nguo za mtoto. Mpaka sasa sijui kwa nini nilidanganya. Nadhani niliogopa uso ule usije ukazimika mbele yangu, nikaona heri niuzime nikiwa mbali.

Trufena akatikisa kichwa kwa masikitiko. Alinihurumia! Mtu mwenye mguu uliovunjika akanihurumia mimi kwa sababu ya vyombo vya kuosha.

Wakati huo nyuma ya nyumba kulikuwa na mbio na kelele, nami nikajua ni kuku. Nikawaomba wasihangaike, mgonjwa ndiye anayefaa kupikiwa mchuzi. Nani alinisikiliza? Mgeni ameingia, ingokho lazima aanguke. Huku kwetu hilo halina mjadala.

Mezani nikazidi kuumbuka. Aliyezaliwa huku anajua firigisi ni ya nani. Ni ya mwenye boma, mwanamume, na akitaka kumpa mgeni anampa yule anayemheshimu kuliko nafsi yake. Baba Sifuna, mume wa Trufena, ni mkata miwa, mtu mzima mwenye wajukuu, na kiwanda kikisimama na yeye husimama. Hajapata kazi kwa muda. Siku hiyo aliitafuta firigisi kwenye bakuli kwa kijiko, akaiweka kwenye sahani yangu. Mwanamke mimi, na wala si mkubwa kwake kwa umri.

"Hiyo ni yako, mama," akasema. "Wewe ndio umeshika hii boma sahi."

Nikaila.

Baada ya hapo ningesema nini? Huwezi kula heshima ya watu kisha ukawaambia, kinywa bado kina mafuta, kwamba mwezi huu hawatapata kitu. Mtu mwenye aibu angeibadilisha nia yake palepale. Mimi sikuibadilisha. Niliahirisha tu. Niliaga, nikafungiwa viazi vitamu kwenye mfuko, nikasindikizwa mpaka barabarani na Baba Sifuna.

Na nilipofika nyumbani, nikaandika ujumbe. Nauweka hapa ulivyo ili nisije nikajipamba siku za mbele: "Anti asante kwa chakula. Mwezi huu sitaweza kutuma pesa kwa sababu kazi haijafanyika. Naomba unielewe. Pumzika upone."

Nimemshukuru kwa chakula na kumnyima chakula katika ujumbe mmoja.

Akajibu: "Sawa mama nimeelewa. Ulifika salama?"

Nikasema moyoni, kumbe si vigumu hivyo. Nikalala usingizi mzuri kabisa.

Katikati ya wiki mfanyakazi mwenzangu alirudi kutoka likizo ya ugonjwa, tukampongeza, na hapo kitu kikanichoma kidogo. Mwaka jana mimi nilifanyiwa upasuaji. Nilikaa nyumbani majuma mengi sijagusa hata faili moja, na mshahara ukaingia mwisho wa mwezi kama vile nilikuwa kazini. Hakuna aliyeniandikia kwamba kazi haijafanyika. Na aliyekuwa akinishika mkono kunipeleka bafuni ni Trufena. Nililiwaza jambo hilo, nikasema yangu ni kazi ya serikali, ina sheria zake, nikaendelea na chai.

Tufike leo.

Asubuhi nikiwa bado na kitambaa cha kulalia kichwani, lango likagongwa. Nikafungua mwenyewe. Ni Baba Sifuna, amevaa koti lake la kanisani, na mkononi ana mfuko wenye gambuti, vile viatu vya mpira vya kazi. Nikadhani Trufena amezidiwa. Nikamuuliza kama ni Anti.

"Hapana, mama, yeye yuko sawa," akasema. "Amenituma. Alisema uliandika kazi haifanyikangi, na wewe unajikaza peke yako na mtoto. Sasa tukaongea, tukaona mimi nikuje nikushikilie mpaka mguu yake ipone."

Sikuelewa. Nikamuuliza kushikilia nini.

"Kazi yake. Nguo najua kufua, kule kambi ya miwa tulikuwa tunajifulianga wenyewe. Kufagia pia. Kupika ndio mtanionyesha."

Hakuwa anatania. Mwanamume wa umri ule, tena wa huku kwetu, ambako akionekana anaanika nguo za mkewe mwenyewe majirani wanapata mazungumzo ya mwezi, alikuwa ameamka gizani aje afue nguo zangu. Angekaa kwenye kile chumba kidogo cha nyuma, ampikie Imani uji. Kwa sababu mimi niliandika kwamba pesa haipo kwa kuwa kazi haijafanyika. Kwangu huo ulikuwa udhuru. Wao waliusoma kama ulivyoandikwa, wakaketi mume na mke kutafuta jinsi kazi itakavyofanyika.

Waliniamini.

Mara mlango wa jikoni ukafunguka nyuma yangu. Jentrix akatoka na ndoo na tambara la kupigia deki, kanga ameifunga kiunoni.

"Mama, nianze na sebule?"

Baba Sifuna akamtazama, akaitazama na ile ndoo. Akamsalimia kwa adabu. Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake haikubadilika hata kidogo.

"Kumbe umepata mtu. Ni vizuri. Mama Sifuna alikuwa anahangaika sana juu yako."

Laiti angenitukana! Angeniita mwongo pale langoni majirani wakisikia, ningepata hata pa kujitetea. Nikamkaribisha chai, akasema amekunywa. Nikamwambia basi apumzike kidogo, akasema barabara ni ndefu. Aliomba kitu kimoja tu, vitu vya mkewe, kama haitasumbua.

Nikampeleka chumba cha nyuma. Nguo za Jentrix zilikuwa zimetundikwa msumarini, na vitu vya Trufena vimesukumwa kwenye katoni chini ya kitanda. Mimi ndiye niliyevisukuma. Blanketi lake, leso mbili, viatu vya kanisani, Biblia. Aliikunja kila leso upya, polepole, akavifunga vyote ndani ya blanketi. Imani alikuwa amesimama mlangoni akamuuliza kama Anti anakuja.

"Akipona atakuja kukuona," akamjibu.

Kukuona. Hata mtoto aligundua, maana ameniuliza baadaye kwa nini atakuja kumwona tu.

Nimezunguka nyumba hii mchana kutwa bila kushika jambo. Mvua ilipoanza nikachukua simu, nikamtumia Trufena mshahara wa mwezi mzima, kama kawaida. Nilifikiri nitasikia nafuu. Ilidumu kwa muda wa kuweka simu mezani, kisha ujumbe ukaingia.

"Mama Imani nimeona pesa imeingia. Ulikuwa unatumia mwingine ukakosea namba? Siigusi mpaka uniambie."

Nimelia. Mwanamke hana akiba, mume hana kibarua, mguu uko kwenye plasta, na kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni kwamba pesa yangu haiwezi kuwa yake. Huko ndiko nilikomfikisha kwa ujumbe mmoja.

Nikajibu: "Hapana Anti, ni yako."

Mvua ikapungua. Kisha akaandika: "Ya nini mama? Baba Sifuna amesema kazi iko na mtu."

Ya nini.

Nimekaa na swali hilo mpaka sasa. Nikisema ni pole, atashukuru, ataniombea, na tumemalizana. Mwakani tutasalimiana sokoni. Nikisema ni mshahara, basi ana kazi. Basi mwezi ujao pia, na unaofuata, mpaka asimame kwa miguu yake miwili. Basi kitanda kile kina mwenyewe, na mimi nina mazungumzo magumu na Baba Imani, na tutapunguza mengi humu ndani. Nimehesabu kila kitu isipokuwa kile nilichokula Jumapili, na hicho hakina hesabu.

Nimeandika: "Ni mshahara wako Anti. Kazi ni yako, inashikiliwa tu. Nilikudanganya, nisamehe." Nikatuma kabla akili yangu ya uoga haijaamka.

Hajajibu bado.

Nilipokuwa naandika aya hiyo, Jentrix ameniita kutoka jikoni. Anauliza kama anaweza kumwambia mamake ampakilie nguo zake zilizobaki Lumakanda, na viatu, maana ameona hapa ni pazuri na Mungu akijalia atakaa.

Nimemjibu, "Tutaongea kesho."

Ndivyo nilivyomjibu, na sauti tamu kabisa, ileile niliyokwenda nayo Navakholo.

Hapana. Sitaki kesho na sitaki simu. Nafunga hapa niende jikoni, nikamwambie uso kwa uso kwamba kazi anayoifanya vizuri namna hii ina mwenyewe, na asilete viatu.