Kidole Hakibonyezi

Changamwe, Jumapili, 1961

Hakitaki, wallahi. Tangu kibanwe na kasha kule bandarini, kidole changu cha pete hakibonyezi uzi wa gita.

Leo nimejaribu solo, ile sauti ya gita inayobeba wimbo, mara saba mbele ya Karisa, kiongozi wa bendi yetu. Kila nikifika pale pa kukimbiza vidole, sauti inakufa. Mwisho akanishika mkono, akautazama.

"Wewe baki na rithimu, ndugu yangu. Jumamosi dansini solo atapiga Juma."

Nikasema, "Haya." Miaka miwili ya kujifunza solo, imekwenda.

Nyumbani mke wangu Mishi akaniomba nimpigie kidogo. Nikapiga rithimu tupu, ile ya kusindikiza solo. Akafumba macho, akatabasamu.

"Mashaallah! Sasa umejua kweli."

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba wimbo wenyewe ulikuwa haujaanza.