Macho Mekundu ya Kinyozi

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumanne, 4 Machi

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani, na kile kikohozi kimekuachia? Wifi naye hajambo? Huku tu wazima, ila mimi tangu asubuhi situlii. Naandika mstari, nainuka, nachungulia barabarani bila sababu. Usishtuke, baba mzima. Yuko kazini, ana wembe mkononi, na hilo ndilo linalonitoa jasho.

Unakumbuka ulivyomsifu kwenye simu ya picha, kwamba macho yake siku hizi meupe kama ya kijana? Alicheka, nasi tukacheka. Kumbe yalitakata kwa sababu ameacha kutia dawa kila siku.

Ni hivi. Yale matone ya presha ya macho yalikuwa yakimwasha, macho yanaiva, na wateja wakaanza kunong'ona kwamba kinyozi anakunywa. Mmoja aliinuka kitini na povu shavuni, akaenda zake. Kwa baba ile ilikuwa aibu isiyosemeka. Basi akawa anatia dawa siku ya mapumziko tu. Presha yenyewe haiumi, kwa hiyo alijiona amepona. Tukimuuliza sisi, "Nimetia." Ukipiga wewe, "Nimetia." Mzee mzima!

Wiki iliyopita alijigonga bega kwenye mlango wa kibanda chake mwenyewe cha kunyolea. Nikamburuta kliniki, amenuna njia nzima. Presha imepanda, na jicho la kushoto halioni tena vilivyo pembeni. Nilitaka kumgombeza pale pale nikashindwa. Alionekana mdogo sana kwenye kile kiti.

Daktari hakumlaumu. Alisema uso wa jicho umekauka na kuchubuka, na kinachouchokoza zaidi ni kemikali inayotiwa kwenye chupa ili dawa isiharibike.

"Mzee, ungeniambia inawasha ningekubadilishia. Kuwasha kunatibika."

"Sasa daktari, mtu mzima nije kulia kwamba tone limeniwasha?"

Sasa anatumia vichupa vidogo visivyo na kemikali hiyo, anafungua kimoja, anatia, anakitupa. Akishatia anafumba macho na kubonyeza kona ya ndani, karibu na pua. Kisha anasubiri kidogo ndipo anatia machozi ya bandia ya kulainisha, yasije yakaisukuma dawa nje. Feni ya kazini tumeigeuza isimpulize usoni, na kujisugua ni marufuku. Ameshanibatiza Bi Matone, na wateja wote wananiita hivyo.

Kweli, sasa anatia kila siku na macho hayaivi kama zamani. Mimi bado siamini. Akiwa kimya chumbani nadhani anamimina dawa dirishani, naenda kusimama mlangoni kama mwizi.

Jana aliniuliza kama lile jicho litarudi kuona pembeni. Nikajifanya sijasikia. Daktari aliniambia lililopotea halirudi. Dawa ni ya kulinda lililobaki. Ndugu yangu, naogopa. Usingoje likizo ndefu, njoo. Sijamwambia kuwa nakuita, atasema nampofusha kabla ya wakati. Lakini nataka akuone ukiingia, uso mzima, si kipande.

Msalimie sana wifi na mapacha. Mama na shangazi wanakusalimu. Mungu akufungulie njia, na amlindie baba hicho kilichobaki.

Akupendaye kuliko unavyojibu barua,
Dada yako