Mazoezi Uliyoniachia

Baba Amisi, mume wangu,

Unakumbuka wakati wa vita, mji wetu wa Kindu ulipofungwa na hakuna aliyethubutu kwenda shambani? Wanaume wenzako walishinda wamekaa, miguu ikiwavimba. Wewe, kichwa kizima mvi, ulizunguka ua kila asubuhi, kisha ukatusimamisha mimi na mama yako tunyooshe mikono. Jirani alichungulia akacheka: "Baba Amisi, vita iko inje, na weye uko unaruka?" Ukamjibu, "Muzee akikaa sana, anaoza mbele ya kufa."

Risasi zilipofika mtaani, tulikimbilia upande wa kijiji cha Tunda. Ulimbeba mama yako mgongoni siku zote zile za msitu, mimi nimemshika Amisi mkono. Vijana walikaa njiani wakihema, tukawapita. Tulifika wote wazima.

Halafu kule ukimbizini chumvi ikaisha, na dawa ya mama yako pia. Watu wakasema, "Arudi Kindu Baba Amisi, yeye ndo mwenye miguu." Nilikushika shati. Ukaniambia, "Mama Amisi, wacha woga. Nitaenda, nitarudi." Hukurudi. Hata kaburi sina.

Sasa nimerudi Kindu, nimezeeka. Presha ilinipanda, magoti yakakaza hata kusujudu kukanishinda. Muuguzi wa kituo cha afya akaniambia, "Mama, tembea kila siku. Dawa peke yake haitoshi." Nikarudia mazoezi yako. Nazunguka ua, nanyoosha mikono, natembea mpaka ukingo wa mto Lualaba. Ulisema kweli, mume wangu. Presha imeshuka, usingizi umerudi, nasujudu bila kushika ukuta. Muuguzi anafurahi: "Mama, utaishi miaka mingi!"

Hajui neno hilo linavyonichoma. Mama yako tulimzika. Amisi aliingia machimboni Punia, na hata salamu haziji tena. Hiyo miaka mingi nitaishi na nani?

Leo nilifika mtoni bila kuhema. Nikasimama pale nikatafuta maumivu mwilini, angalau goti, nipate sababu ya kulia mbele za watu. Sikuyapata. Nikalia hivyo hivyo, kisha nikarudi nyumbani, mwendo wangu mwepesi kama wa msichana.

Mungu akurehemu, popote walipokulaza.

Mke wako,
Mama Amisi