Kanga ya Mama Klabuni

Msambweni, 9 Machi 1956

Kwa dada yangu Mwanapili, Tanga

Shikamoo, dada. Sisi hatujambo, na Mama yumo edani kwa subira. Mbuzi wako amezaa pacha.

Hitima ya arubaini ya Baba ilisomwa Ijumaa iliyopita, lakini kaka yetu Chirau hakuja. Kesho yake nikamfuata Diani, kwenye klabu ya Bwana Waziri, yule anayesifiwa kwamba amewatoa waimbaji wa ngoma zetu na wachekeshaji mpaka wakajulikana Mombasa. Nikamkuta Chirau jukwaani mchana kweupe, wanafanya mazoezi. Amejitanda kanga ya Mama, ile aliyomwomba siku ya mazishi akisema atajifunika apate usingizi. Anajigaragaza na kulia, "Mume wangu, umeniachia nani?" Kwa sauti ya Mama, dada, pamoja na kile kikohozi chake! Wapiga ngoma walikuwa hoi kwa kucheka.

Mate yalinijaa kinywani, nikatema pale pale mlangoni. Bwana Waziri hata hakujali. Alinishika mkono, mwanamume asiye maharimu yangu, akasema, "Karibu, bibi. Huyu nitamfikisha mbali. Hivi, mama yenu alilia kwa maneno gani mengine siku ile?"

Mkono huo nimeusugua kwa majivu, na bado unaninukia marashi yake.

Mama hajui. Jana aliniuliza, "Chirau bado anajifunika kanga yangu?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Mama. Haiachi."

Akainua mikono, akamwombea dua.

Mdogo wako,
Mbeyu