Maneno Matatu kwenye Karatasi za Baba

Jumatatu, 5 Juni 2006

Madam Lornah ametufundisha njia mpya ya kusoma hadithi za Kiingereza. Ukikutana na sentensi ndefu, tafuta "who" au "which", funika kwa kidole maneno yanayofuata mpaka mkato, kisha usome kilichobaki. Hilo ndilo tendo lenyewe. Ondoa kidole, utajua aliyetenda ni mtu wa aina gani. Nimejaribu. Inafanya kazi! Sentensi iliyonishinda tangu Mei imefunguka: mwanamke alifunga mlango. Basi.

Nikauliza kuhusu zile sentensi fupi zisizo na kitenzi. Mbona sisi tukiziandika tunachorewa nyekundu? Akacheka. Akasema mwandishi huvunja sentensi pale mtu anapokosa pumzi, lakini lazima ajue anavunja nini.

Shule itatuma hadithi moja kwenye shindano la mkoa. Moja tu! Inaondoka Ijumaa.

Jumanne, 6 Juni

Nimeandika. Mama mmoja anasimama nje ya geti la matajiri Spring Valley tangu asubuhi, anatafuta kazi ya kufua. Nimetumia "who" mara tano, bila kosa. Halafu, katikati: geti lilifunguka. "Not for her." Si kwa ajili yake.

Nimevunja na ninajua nimevunja nini.

Jumatano, 7 Juni

Imechaguliwa! Madam ameisoma darasani. Kwenye "Not for her" aliinua macho, akayasoma tena.

Kisha Ciru, ambaye hadithi yake ni ya pili: "Niaje, mwandishi wa Kinoo! Hiyo umetoa kitabu gani?" Kinoo ndiko kwetu. Wakacheka. Nikacheka pia.

Lakini njiani kurudi nyumbani niliyaona akilini yale maneno matatu. Si kwa mwandiko wangu. Yamepigwa chapa, yamelala upande.

Baba anafanya kazi kwa mpiga chapa wa River Road, mjini. Karatasi zilizoharibika huniletea nisome — kurasa za riwaya, 41 halafu 112, hazifuatani. Je, niliyasoma huko? Au nayaona kwa sababu ninaogopa?

Alhamisi, 8 Juni

Nimepekua sanduku lote la karatasi za Baba. Hazipo. Mama amekumbuka: "Za wiki jana? Si ulisema umemaliza? Nimefungia watu mandazi."

Nikakimbia hadi kwa Macharia wa gereji, mteja wa Mama wa kila siku. Alikuwa na moja, imejaa mafuta. Ukurasa wa 88. Watu wanazika mbwa. Akaniuliza kama sasa mandazi yana risiti.

Nimemwambia Baba. Aliacha kufungua kamba za viatu. Akasema maneno matatu hayana mwenyewe. Halafu akasema kitabu chenyewe kitatoka Agosti, na shindano litakuwa limekwisha, nani atajua? Alitaka kunituliza.

Sikumaliza chakula.

Ijumaa, 9 Juni

Nimemwambia Madam Lornah saa ya chai. Yote. Nilidhani atapiga kelele. Aliweka kikombe chini, akauliza nina hakika? Nikasema sina, na ndiyo shida. Aliichukua bahasha ya shindano, akaigeuza. Hadithi ya Ciru ilikuwa pale pale mezani.

Akasema: "Toa hayo maneno. Weka yako. Sentensi moja tu, hata ikiwa mbovu. Ikishindikana mpaka saa kumi, Mwihaki, nitatuma ya mwenzako. Siwezi kutuma kitu usichoweza kuapia."

Bwana Wachira, naibu mkuu, ndiye anayepeleka bahasha posta. Saa kumi kamili.

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu. Nimeandika sita. Nimekata sita. Zote zina vitenzi, zote zimekufa.

Madam amepita. Amesema niache kutafuta sentensi nzuri. "Huyo mama wa kwenye hadithi unamjua? Basi andika alichofanya."

Namjua. Ni Mama, kabla ya kuanza kuuza mandazi. Alikuwa anaondoka kungali giza, anarudi na viatu vyekundu kwa vumbi, na sisi tunakimbilia mfuko kuona ameleta nini. Siku ambazo geti lilifunguka akaitwa mwingine — alifanya nini? Alikaa chini? Alihamia geti la pili? Aliongea na waliobaki?

Sijawahi kumuuliza.

Saa kumi kasoro dakika nane. Bwana Wachira amewasha gari. Ciru amesimama mlangoni. Karatasi bado ina nafasi ya mstari mmoja. Nimeandika "She" —